Ekseli ya mkokoteni wa magogo: wapi ukate, wapi usiguse



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa upande wa Dongobesh, wilayani Mbulu. Yeye na wanawe wawili wana shamba la mikaratusi bondeni, na riziki yao kwa sehemu kubwa ni kuni zilizopasuliwa, wanazouzia shule na migahawa. Wana maksai wawili, hawana mkokoteni. Mwana mkubwa amenunua kwa muuza vyuma chakavu ekseli ya nyuma ya pikapu, na fundi wa kuchomelea amemshauri aikate katikati, aondoe ile difu nzito, kisha aunganishe pande mbili kwa bomba. Mwana mdogo hakubali. Yeye anasema chuma kilichokatwa hakirudi kuwa kizima, afadhali wauze hiyo ekseli na kununua chuma kipya cha mraba. Mama anauliza amsikilize yupi, maana fedha iliyotumika ni ya ndama waliyemuuza, na hakuna ndama wa pili.

Tumelipa swali hili nafasi yote ya leo, kwa kuwa tunajua halimhusu yeye peke yake. Kutoka Karatu mpaka Haydom, na kutoka Katesh mpaka Basotu, mikokoteni mingi inayopita njiani imezaliwa katika karakana ndogo kwa vyuma vya magari yaliyokufa. Baadhi hudumu miaka. Baadhi huvunjika katika mvua ya kwanza, na mahali inapovunjikia aghalabu ni pale pale: kwenye maungio ya ekseli.

Kabla ya chuma, neno moja kuhusu kuni zenyewe. Katika nchi za baridi, wako watu wanaojitengenezea nyumbani mashine ya kupasulia magogo, wakaifunga juu ya ekseli ya tela na kuivuta kwa gari mpaka msituni. Kwetu shoka, kabari na nyundo bado vinatosha. Kinachomaliza mgongo wa mtu si kupasua, ni kusogeza. Gogo bichi la mkaratusi lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 2 lina uzito wa kilo 140 hivi. Magogo saba ya namna hiyo yanakaribia tani moja, nayo tani moja ndiyo mzigo wa kutosha kabisa kwa maksai wawili walioshiba, katika njia nzuri. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauna gharama: pasueni huko huko bondeni, wakati mti ungali mbichi, kwa kuwa mkaratusi ukikauka hugeuka mkaidi mbele ya shoka. Kisha ziacheni kuni zikae huko zikauke kabla ya kuzipakia. Sehemu kubwa ya uzito wa mti mbichi ni maji, na hakuna sababu ya kuwavutisha maksai maji kupanda kilima.

Sasa twende kwenye ekseli.

Ekseli za nyuma za magari ziko za namna mbili, na mtu asiyezitofautisha asishike grainda. Namna ya kwanza ni ile ambayo gurudumu hukaa juu ya habu, habu ikazunguka juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye bomba la nje la ekseli. Shafti ya ndani katika namna hii kazi yake ni kuzungusha tu, haibebi uzito wa gari. Unaweza kuichomoa yote na gurudumu likaendelea kukaa mahali pake na kuzunguka. Land Rover za zamani, zile zilizozoeleka katika wilaya zetu kwa miaka mingi, ekseli yake ya nyuma ni ya namna hii. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliipenda sana kwa mikokoteni, na ndiyo maana siku hizi haipatikani kwa bei ya mtu maskini.

Namna ya pili ni ile ambayo shafti ya ndani yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu. Rimu imefungwa kwenye kichwa cha shafti. Upande wa nje shafti imeshikwa na beringi moja, na upande wa ndani imeingia katika difu. Pikapu nyingi, Toyota Hilux mojawapo, ni za namna hii. Sasa fikiria fundi akiikata difu na kuitupa. Shafti imebaki imeshikwa mahali pamoja tu, na mwisho wake wa ndani unaning'inia hewani. Gurudumu litayumba. Ili lisiyumbe, fundi atalazimika kuichomelea shafti, na hapo ndipo balaa linapoingia, kwa sababu shafti za magari si chuma cha kawaida cha dirisha. Ni feleji iliyokazwa kwa moto kiwandani ili istahimili kusokotwa. Ukiichomelea kwa mashine ya kawaida, sehemu iliyo kando ya maungio hubadilika tabia, huwa ngumu lakini kavu kama kioo. Haipindi ikakuonya, hukatika ghafla. Na kama fundi ana tabia ya kumwagia maji ili apoe haraka apokee kazi nyingine, ameizidishia maradhi.

Kwa hiyo, mama yetu, kuhusu kukata, mwanao mdogo ndiye mwenye haki. Lakini kuhusu kuuza hatukubaliani naye pia. Ekseli imekwisha kununuliwa, na muuza vyuma chakavu hatakurudishia bei uliyompa. Itumieni nzima.

Watu husahau njia hii kwa sababu ni rahisi mno. Ekseli ya nyuma ya pikapu inayobeba tani moja ilitengenezwa kubeba tani hiyo pamoja na sehemu kubwa ya uzito wa gari lenyewe, katika mashimo, kwa mwendo wa gari. Maksai hawatembei mwendo huo. Umbali kati ya magurudumu yake, mita moja na nusu au pungufu kidogo, unafaa kabisa kwa mkokoteni, wala hauhitaji kupunguzwa. Ubaya wake ni mmoja, uzito. Ni kweli difu itawalemea maksai kilo kadhaa zisizo na faida. Lakini uzito huo uko chini, kwenye ekseli, ambako husaidia mkokoteni usipinduke kwenye njia ya kando ya mlima, na njia za Mbulu mama unazijua kuliko sisi.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Ekseli hiyo ina breki.

Ndani ya kila ngoma ya gurudumu la nyuma mna viatu vya breki, na katika pikapu nyingi viatu hivyo huvutwa pia na waya wa breki ya mkono. Waya huo hauhitaji mafuta ya breki, pampu wala injini. Unahitaji mkono wa mtu na wenzo mrefu wa chuma uliofungwa ubavuni mwa mkokoteni. Fundi anayekata difu na kuunganisha bomba aghalabu hutupa na ngoma zake, akakuachia mkokoteni usio na cha kuuzuia isipokuwa shingo za wanyama. Anayejua mteremko wa kutoka Dongobesh kushuka Dareda, au ule wa Magara, ataelewa tunasema nini. Mkokoteni wenye tani moja ukianza kuwasukuma maksai kwa nyuma, kijana aliyekaa mbele hana pa kurukia. Mikokoteni mingi ya nchi hii haina breki ya aina yoyote, na tumezoea jambo hilo kiasi kwamba hatulioni kuwa ajabu.

Kwa hiyo kazi ya kumpa fundi imebadilika. Afungue ngoma zote mbili, asafishe, aangalie viatu kama bado vina unene. Asukume nyaya mbili kuzipima, kisha aziunganishe kwenye kipande kimoja cha kusawazisha, ili pande zote zishike kwa pamoja. Breki inayoshika upande mmoja tu huuzungusha mkokoteni ukakaa mkingamo njiani. Wenzo uwe na meno ya kuufunga mahali, ili mtu anapopakia au kufungua nira asilazimike kuegemeza jiwe. Ajabu ni kwamba haya yote huenda yakagharimu pungufu ya kukata na kuchomelea.

Difu nayo ibaki na oili yake. Ifungwe katika mlalo ule ule iliokuwa nao garini, ili tundu la kupimia oili lisipotee mahali pake, na sehemu ilipofungwa shafti ndefu ya gari ifunikwe kwa kipande cha mpira na ngozi, udongo usiingie. Na kitanda cha mkokoteni kisichomelewe juu ya ekseli. Ekseli tayari ina vikalio vya springi, ambavyo kiwanda kiliviweka kwa hesabu. Wekeni boriti mbili za mbao ngumu au chaneli juu ya vikalio hivyo, na kuzifunga kwa bolti za umbo la U, zile zile za gari. Siku ekseli ikihitaji matengenezo, spana inatosha kuitoa.

Tumesema vikalio viko karibu na magurudumu, na jambo hili lina siri yake inayowafaa hata wale watakaotengeneza ekseli mpya. Ekseli hupindwa na ule umbali ulio kati ya gurudumu na mahali kitanda kinapoikalia. Kama kila gurudumu linabeba kilo 600, na boriti imekaa sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, chuma kinapata mkazo fulani. Isogeze boriti iwe sentimita 40, na mkazo umekuwa maradufu kwa mzigo ule ule. Tumewahi kuona mikokoteni yenye kitanda chembamba na ekseli ndefu, eti ili isipinduke, nayo imepinda katikati kama upinde. Si chuma kilichokuwa kibaya, ni kitanda kilichokaa pabaya.

Na sasa wasomaji wetu wa Hanang, maana wao habari yao ni nyingine. Upande wa Basotu ni tambarare, ndiko kulikokuwa na yale mashamba saba ya ngano ya NAFCO yaliyopata msaada wa Kanada, ekari zipatazo laki moja zilizolimwa kwa mashine kubwa. (Jinsi ardhi hiyo ilivyotoka mikononi mwa wafugaji wa Kibarbaig ni habari ndefu, na si ya safu hii.) Huko mteremko si adui. Adui ni udongo mweusi wakati wa masika, unaoshika gurudumu kama ugali wa moto, na wanyama wengi wanaofungwa mkokoteni ni punda. Punda wawili wasipewe zaidi ya kilo 500, hata njia ikiwa nzuri. Kwa mzigo huo ekseli ya pikapu ni dhuluma. Wao ndio wanaofaa kutengeneza ekseli nyepesi.

Chuma cha mraba kisicho na uwazi ndani, cha milimita 40, kinatosha kwa mkokoteni wa punda. Kwa maksai na tani moja, chukueni cha milimita 50. Tofauti ya milimita kumi inaonekana ndogo mno dukani, lakini nguvu ya chuma dhidi ya kupindwa haiongezeki kwa unene tu. Cha 50 kinakaribia kuwa na nguvu maradufu ya kile cha 40. Bomba nalo si baya kama watu wanavyodhani, mradi liwe bomba la chuma nene. Bomba la kipenyo cha milimita 75 lenye ukuta wa milimita 6 linastahimili kupindwa sawa na mraba wa milimita 50, na uzito wake ni karibu nusu. Bomba la maji la nyumbani halimo katika maneno haya.

Ncha za kubebea magurudumu zitoke wapi? Zitazameni gari ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu yao ya nyuma hayazungushwi na kitu, kila moja linakaa juu ya ncha fupi na habu yake, na mara nyingi ncha hiyo imefungwa kwa bolti. Fundi akichomelea bamba nene la chuma mwishoni mwa mraba na kulitoboa matundu yanayolingana, ncha itafungwa kwa bolti bila kuguswa na moto hata kidogo. Habu hizo ziliumbwa kwa gari dogo, basi ni za punda, si za tani moja. Mwenye kutaka za tani moja atafute habu za mbele za gari kubwa zaidi.

Kabla ya kuchomelea mabamba, yashikwe kwa nukta chache tu, magurudumu yafungwe, kisha apimwe kwa uzi umbali kati ya tairi mbili kwa mbele na kwa nyuma, katika kimo cha katikati ya habu. Vipimo viwili vilingane. Tofauti ikizidi milimita tatu, gongeni nyundo mrekebishe. Magurudumu yasiyokwenda sambamba hula tairi, na punda huburuta mkokoteni siku nzima bila mwenyewe kujua kwa nini wamechoka mapema. Mnyama hana ulimi wa kushitaki kwa fundi, nasi tutaulizwa kwa niaba yake.

Beringi za roli hukazwa hivi: nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa kwa mkono mpaka lianze kuwa zito, kisha irudishwe nyuma kama sehemu ya sita ya mzunguko, na kota pini iingizwe. Kota pini iwe mpya. Msumari uliopindwa si kota pini. Grisi ijazwe ndani ya beringi zenyewe, habu isishindiliwe yote, kwa maana ikipata joto itajisukuma nje na kuzitoa sili, na mlango ukiwa wazi vumbi la Hanang halibishi hodi.

Wapo waliowahi kufikiri namna ya kuachana na vyuma vya magari kabisa. Katika miaka ya 1970 kituo cha majaribio ya zana za kilimo kule Arusha, TAMTU, ambacho baadaye kiliingia katika CAMARTEC iliyoundwa mwaka 1981, kilishughulikia beringi za mbao ngumu zilizolowekwa katika mafuta ya moto mpaka yakaingia ndani ya mti. Zinafanya kazi. Kwa mwendo wa mnyama mbao hiyo hujilainisha yenyewe, na ikilika seremala wa kijijini anachonga nyingine. Hazikuenea sana, nadhani kwa sababu watu waliona aibu ya mkokoteni wa mbao wakati jirani ana tairi. Mwenye shamba karibu na nyumba, na mzigo wa ndoo chache, asione aibu.

Turudi Dongobesh. Mama, mapatano yenu na fundi yaandikwe, hata kama ni mtoto wa jirani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni, na kazi iliyolipiwa nusu kabla haijafanywa ni deni. Iandikwe kwamba ekseli haikatwi, kwamba hakichomelewi kitu juu yake, kwamba breki zitashika pande zote mbili, na malipo ya mwisho yatatolewa baada ya safari ya majaribio. Fundi mzuri hatachukia. Atakayechukia amekusaidia kumjua.

Kuhusu kitanda, ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, ili mkokoteni uliopakiwa uegemee mbele. Mtu mmoja akishika mti wa kuvutia asikie uzito wa kilo 20 au 30. Ukiwa mzito zaidi, shingo za maksai zitachubuka. Ukiwa mwepesi mno, mti utanyanyuka mlimani na kuwavuta koo. Magogo yapangwe kwa urefu, yafungwe kwa minyororo au kamba mbele na nyuma. Na kwa kuwa wenzetu wa Katesh na Endasak hulazimika kutumia barabara ya lami ya Singida hadi Babati pamoja na malori ya usiku, kila mkokoteni uwekwe viakisi mwanga viwili nyuma, hata vipande vya kibati cha kung'aa, ingawa lililo bora ni kutopita huko baada ya magharibi.

Safari ya kwanza iwe ya nusu mzigo, kwenye njia ya tambarare, bila mtoto juu. Baada ya kilomita moja simameni, mshike kila habu kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuuacha mkono, nati imekazwa kupita kiasi au grisi haikufika. Kazeni upya nati za rimu zote siku hiyo hiyo jioni, na tena baada ya juma moja, kwa kuwa nati mpya hujilegeza zinapozoea kikalio chake. Ndipo mshuke bondeni, mwana mkubwa kwenye wenzo wa breki, mdogo kichwani mwa maksai.

Juma lijalo, Inshaallah, tutajibu swali la msomaji wa Gendabi kuhusu nira inayomchubua punda begani.